Risasi Zilizolowa Chumvi: Watu Waliozifufua Moshi 1915, na Hakuna Aliyeandika Majina Yao

Ukitaja Moshi leo, wengi wanawaza Kilimanjaro, kahawa na ndizi. Ila unaambiwa mwaka 1915 mji huo ulikuwa na kazi moja isiyolala: kufungua risasi zilizotoka baharini, kuzisafisha na kuzifunga upya. Usiku na mchana, kwa miezi.

Ilikuwaje? Turudi nyuma kidogo.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza 1914, Mjerumani alikuwa Tanganyika, Mwingereza yuko Kenya. Mwingereza akafunga bahari, mzigo wa Ujerumani haupiti. Januari 1915 Wajerumani wakashinda pale Jasini, mpakani kaskazini mwa Tanga, lakini ushindi wenyewe ulikula risasi kama 200,000. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, akapiga hesabu: akiba iliyobaki inatosha mapigano matatu tu ya aina ile. Baada ya hapo, basi.

Aprili ikatokea meli ya Rubens, imejibadilisha jina ikajifanya ya Denmark, Kronborg. Waingereza wakaistukia. Meli yao ya kivita, Hyacinth, ikaifuata mpaka ghuba ya Manza karibu na Tanga na kuishushia mizinga. Rubens ikazamishwa na watu wake wenyewe kwenye maji mafupi, huku moto unawaka juu. Waingereza kuona vile wakajua mchezo umeisha, wakaondoka zao.

Kumbe mzigo bado upo! Ukatolewa majini kidogo kidogo: bunduki za kisasa na mamilioni ya risasi.

Sasa hapa ndipo shughuli ilipoanza. Risasi ina ganda la shaba, ndani kuna baruti, na kwenye kitako kuna fataki, kile kikombe kidogo kinachotoa cheche ukivuta kifyatulio. Maji ya bahari yakipenya, baruti inalowa, fataki inakufa, na chumvi inaanza kuila shaba. Kwa nje risasi inaonekana nzima kabisa. Ukiifyatua: tik! Kimya.

Dawa ilikuwa moja tu. Zikapelekwa Moshi, mwisho wa reli ya kutoka Tanga, zikafunguliwa zote. Baruti ikasafishwa, fataki zilizoharibika zikabadilishwa kwa zile zilizokuwepo nchini, kisha kila risasi ikafungwa tena. Hebu fikiria mamilioni, tena kazi yenyewe ni ya baruti. Cheche moja tu ni msiba.

Baada ya hapo zikachambuliwa. Risasi zisizoguswa na maji ziliwekwa kwa ajili ya bunduki za rashasha, maana hizo risasi moja ikigoma, bunduki nzima inasimama. Zilizofungwa upya, kama zinagoma takriban 20 kwa 100, zilikwenda vitani. Zilizozidi hapo zikawa za mazoezi.

Isome tena hiyo. Askari aliingia vitani akijua risasi moja kati ya tano huenda isitoke. Uhai wake ulikuwa kwenye vidole vya mtu asiyemjua, aliyekaa Moshi usiku wa manane anafuta chumvi.

Machi 1916 Waingereza wakaichukua Moshi, lakini vita haikuisha. Iliendelea mpaka 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Kamanda alirudi kwao akapokelewa kama shujaa, akaandika kitabu na kuisimulia kazi ile ya Moshi. Waliozifungua risasi? Hakuna jina hata moja.

Na hii hadithi ina upande unaouma. Kila risasi iliyofufuliwa iliongeza siku za vita, na waliolipa ni watu wa hapa hapa. Wapagazi wa pande zote mbili walikufa kwa maradhi na njaa. Ugogo, baada ya majeshi kubeba nafaka na mifugo na mvua kugoma, ikaja njaa kali ambayo wazee waliiita Mtunya.

Pale Posta, Dar, Sanamu ya Askari imesimama tangu 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo upande wa Mwingereza. Wa Moshi hawana hata kibao.

Tuwaite mafundi hodari, au watu waliotumikishwa kwenye vita isiyowahusu? Au vyote viwili? Wewe unaonaje?