Karatasi za Sheikh al-Amin
Kila mwenye gazeti dogo hufikiwa na siku ya kujiuliza: aendelee, au aiweke kalamu chini? Mjini Mombasa, mwaka 1930, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alianza kutoa Sahifa, karatasi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, akiwahimiza Waislamu wa mwambao kutafuta elimu na kuacha mambo yaliyowarudisha nyuma. Haikudumu. Mwaka 1932 akaleta al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Mwaka huohuo akapewa ukadhi wa Mombasa, na mwaka 1933 gazeti likanyamaza.

Mwenye kuhesabu miaka atasema yote mawili yalikufa machanga. Lakini mwaka 1944 makala za Sahifa zilikusanywa zikawa kitabu, Uwongozi. Sheikh alifariki mwaka 1947, akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Mwaka 2017 sehemu ya makala hizo ikatoka tena, pamoja na tafsiri ya Kiingereza.

Lau karatasi zile zingetupwa, pasingekuwa na la kukusanya. Basi anayetaka kufunga gazeti lake na afunge, ila kwanza ahifadhi nakala zake.