Tom Mboya: Mtetezi wa wafanyakazi aliyegeuka Waziri wa Leba

Hayati Thomas Joseph Mboya hukumbukwa zaidi kwa ndege zilizowapeleka vijana wa Kenya masomoni Marekani, na kwa risasi zilizomuua jijini Nairobi mnamo Julai 5, 1969. Kipindi chake katika Wizara ya Leba, kilichozidi mwaka mmoja kwa miezi michache tu, hutajwa kwa nadra.

Alizaliwa Agosti 15, 1930 huko Kilima Mbogo, katika shamba la mkonge ambako babake alikuwa nyapara. Mwaka wa 1951 aliajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi kuwa mkaguzi wa afya, kwa mshahara uliokuwa mdogo kuliko wa Wazungu waliofanya kazi iyo hiyo. Mwenyewe amesimulia jinsi mama mmoja Mzungu alivyoingia ofisini, akamkuta ameketi, kisha akauliza iwapo hapakuwa na mtu.

Kufikia 1953, akiwa na umri wa miaka 23, alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Viongozi wengi wa siasa walikuwa vizuizini kutokana na hali ya hatari, na vyama hivyo vilikuwa miongoni mwa sauti chache za Mwafrika zilizosalia. Makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma Machi 1955, ni yeye aliyeteremka pwani kusaka suluhu.

Aprili 1962 akawa Waziri wa Leba katika serikali ya mseto ya KANU na KADU. Hapo ndipo ulipoanza mtihani. Migomo ilikuwa imetapakaa, uhuru ulikuwa ukibisha hodi, na wenye mitaji walikuwa na hofu. Aliyejijengea jina kwa kuwatetea wagomaji alitakiwa sasa kuizima migomo, na baadhi ya wenzake wa zamani hawakumsamehe.

Oktoba mwaka huo, waajiri na vyama walitia saini Mkataba wa Mahusiano ya Viwandani. Waajiri walikubali kuvitambua vyama na kujadiliana navyo. Vyama navyo vikakubali kwamba mgomo ungekuwa silaha ya mwisho, baada ya mazungumzo na upatanishi kushindikana. Mkataba huo ulitegemea hiari, si sheria. Kwa maoni yetu, huko kupata saini za mahasimu bila kiboko mkononi kulizidi hotuba zake zote.

Juni 1963 alihamishiwa Wizara ya Haki na Masuala ya Katiba, na baadaye Mipango ya Uchumi. Mahakama ya Viwanda ilianzishwa 1964. Mwaka uliofuata serikali ilivunja mashirikisho yaliyokuwa yakizozana, likiwemo lile alilowahi kuliongoza, na COTU ikaundwa.

Mahakama hiyo sasa inaitwa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi na ina hadhi sawa na Mahakama Kuu chini ya Katiba ya 2010. Ndiko zinakopelekwa kesi za migomo ya walimu na madaktari.