Mwanafunzi wa Mngeta na Mlima wa Makerere: Historia Fupi ya Utafiti wa Kiingereza Chetu

Makala hii inachunguza historia ya utafiti kuhusu kuwafundisha Kiingereza watu ambao lugha hiyo si yao, na inauliza swali moja tu: katika utafiti huo mwanafunzi wa mahali kama Mngeta amewekwa wapi? Sisi wanafasihi tumezoea kuuliza nani anasimulia, nani anasimuliwa na nani kanyamazishwa. Ripoti ya utafiti nayo ni masimulizi, kwa hiyo hatuna sababu ya kuiogopa eti kwa kuwa ina majedwali.

Mngeta iko katika bonde la Kilombero, kusini-magharibi ya Ifakara, kwenye njia ya reli ya TAZARA. Ni nchi ya mpunga. Bondeni humo wamo Wandamba, Wapogoro, Wambunga, Wahehe na Wabena, na baadaye wakaja Wasukuma na ng'ombe wao. Watu hawa wakikutana gulioni wanaelewana kwa Kiswahili. Mtoto wa Kindamba basi huanza na lugha ya nyumbani, huongeza Kiswahili, na Kiingereza huja kuwa lugha ya tatu, ambayo nje ya darasa ni nadra kuisikia.

Sasa basi, nadharia za kumfundisha mtoto huyu zilitungwa wapi? Hazikutungwa Uingereza kwenyewe, bali kwenye makoloni na nchi za mbali. Michael West alifanya kazi Bengal, na mwaka 1926 alichapisha utafiti wake kuhusu watu wa lugha mbili. Aliona kwamba mwanafunzi wa Bengal alihitaji zaidi kusoma kuliko kusema, akatunga vitabu vya msamiati uliopimwa. Harold Palmer naye alikwenda Japani mwaka 1922 akafanya utafiti wake huko. Jambo la kuheshimu kwa West ni kwamba alianza na haja ya mwanafunzi. Waliomfuata walichukua vitabu wakaliacha swali.

Mwezi Januari 1961 wataalamu wa Jumuiya ya Madola walikutana Makerere, Uganda, kujadili ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Robert Phillipson, katika kitabu chake cha mwaka 1992, amechambua imani tano zilizojengeka katika mkutano ule: kwamba Kiingereza kifundishwe kwa Kiingereza peke yake, kwamba mwalimu bora ni mzawa wa lugha hiyo, kwamba kikianza mapema ndiyo vizuri, kwamba kikizidi kufundishwa ndiyo matokeo mema, na kwamba lugha nyingine zikitumika sana, kiwango cha Kiingereza kitashuka. Phillipson anaziita imani hizo upotofu. Msomaji atazame: mwaka ule ule Tanganyika ilipata Uhuru.

Miezi 17 baadaye, Juni 1962, mlima ule ule ulipokea mkutano wa waandishi wa Afrika waandikao kwa Kiingereza. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza jinsi yeye, akiwa mwanafunzi mwenye hadithi fupi chache, alivyostahili kualikwa, na Shaaban Robert, mshairi mkubwa kuliko wote waliokuwa hai Afrika Mashariki, hakustahili. Shaaban alifariki mwezi huo huo wa Juni. Kwa maoni yangu mikutano hii miwili ni sura mbili za kitabu kimoja. Wa kwanza uliamua nani atahesabiwa kuwa anajua, na wa pili nani atahesabiwa kuwa ameandika.

Tanzania ilijaribu kutoka katika kitabu hicho. Mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali. Mwaka 1982 Tume ya Makweta ikapendekeza Kiswahili kianze kidato cha kwanza mwaka 1985, kisha kipande hadi chuo kikuu. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 Waingereza wawili, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu. Waligundua kuwa hata chuo kikuu ni chini ya asilimia 20 ya waliopimwa walioweza kusoma kwa urahisi vitabu vyepesi vya masomo yao. Mtu angetarajia waseme: basi lugha hii haifai kufundishia. Wapi! Walipendekeza Kiingereza kiendelee kufundishia, na mwaka 1987 ukaanza mradi wa msaada wa Uingereza wa kukiinua. Dawa ya moto ikawa moto. Katika fasihi, hitimisho lisilotokana na matukio tunaliita udhaifu wa msuko. Katika siasa ya elimu liliitwa utaalamu.

Wasomi wetu hawakukaa kimya. Casmir Rubagumya, Saida Yahya-Othman, Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro waliandika miaka ya 1990 kuonyesha kwamba kufundisha Kiingereza ni jambo moja na kufundishia kwa Kiingereza ni jambo jingine. Kuanzia mwaka 2002 mradi wa LOITASA ulilinganisha madarasa ya sekondari, na waliofundishwa kwa Kiswahili wakawashinda wenzao waliofundishwa kwa Kiingereza. Hata hivyo, baada ya sera ya mwaka 2014 kukifungulia Kiswahili mlango katika ngazi zote, toleo la mwaka 2023 limekiacha Kiingereza kiendelee kufundishia sekondari.

Ajabu ni kwamba bonde lenyewe la Kilombero limekwisha kutoa jibu, ila halikutolewa na watu wa elimu. Ifakara pana kituo cha utafiti wa afya kilichoanzishwa na Waswisi mwaka 1957. Mwaka 1997 watafiti walianza kueneza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga, wakaviuza kwa jina la Zuia Mbu. Mwaka 2001 walitangaza makadirio kuwa vyandarua hivyo viliongeza uhai wa watoto wadogo kwa asilimia 27. Tangazo hilo la kitaalamu lilitoka kwa Kiingereza, lakini chandarua hakikwenda kijijini na jina la Kiingereza. Palipokuwa na uhai wa mtoto, hakuna aliyedai kwamba mama ajifunze kwanza lugha ya dunia ndipo aelewe mbu ni nini. Mbona darasani tunadai hivyo kuhusu usanisinuru?

Wapo watakaosema wazazi wenyewe wanakitaka Kiingereza, na Mwalimu Nyerere alikwishasema kuwa ndicho Kiswahili cha dunia. Ni kweli wanakitaka, na wana haki. Mzazi wa Mngeta anayeuza mpunga apate ada hajapotoka. Ameona nani anapata kazi. Lakini anachonunua ni ujuzi wa lugha, na anachopewa ni mtoto aliyekaa kimya miaka minne akinakili ubao. Kimya hicho kikifika kwenye mtihani kinahesabiwa kuwa ujinga.

Kwa hiyo rai yangu kwa wenzangu na kwa wahadhiri wetu ni hii: Kiingereza kifundishwe, tena vizuri, na walimu waliofunzwa kazi hiyo, kama lugha ya kigeni iliyo ya tatu kwa watoto wengi. Masomo mengine yafundishwe kwa lugha ambayo mtoto anaweza kuitumia kuuliza swali. Na mtafiti ajaye akifika Mngeta na dodoso lake, aanze kwa kumsikiliza mtoto huyo akieleza anachokijua, kwa lugha anayokijulia.