Nambari za bloki zinavyofichua injini asilia ya gari kuukuu

MNUNUZI anayeonyeshwa gari aina ya Land Rover la miaka ya sitini mjini Migwani, kaunti ya Kitui, kisha akahakikishiwa kwamba injini yake ni ileile iliyotoka nayo kiwandani, hana haja ya kubishana na muuzaji. Tambara, mafuta ya taa kidogo na kurunzi vinatosha kuanza uchunguzi. Ushahidi umo katika chuma chenyewe, chini ya grisi ya miaka hamsini.

Injini nyingi za zamani zina nambari za aina mbili, na makosa mengi hutokana na watu kuzichanganya. Ya kwanza ni nambari ya kalibu. Chuma kilichoyeyushwa kinapomiminwa katika kalibu, tarakimu huinuka juu ya uso wa bloki mithili ya maandishi ya sarafu. Nambari hii hutaja muundo wa kipande, wala si gari fulani. Maelfu ya bloki huweza kuwa nayo. Ya pili hugongwa kwa chapa baada ya bloki kuchongwa, nayo huzama ndani ya chuma. Hiyo ndiyo nambari ya injini inayoingizwa katika kitabu cha usajili wa gari.

Wamarekani ndio waliofanya elimu hii kuwa fani kamili. Katika Chevrolet za V8, nambari ya kalibu huwa nyuma ya bloki, karibu na mahali inapoungana na giaboksi. Aghalabu kando yake huwa na tarehe: herufi ya mwezi (A ni Januari, L ni Desemba), siku, na tarakimu ya mwisho ya mwaka. F 12 9 yaweza kuwa Juni 12, 1969, lakini pia 1979, kwa hivyo mchunguzi hana budi kuoanisha tarehe hiyo na nambari ya kalibu. Hata nambari yenyewe yaweza kuhadaa. Bloki yenye nambari 3970010, kwa mfano, ilitumika kwa injini za ukubwa tofauti tangu 1969 hadi miaka ya sabini.

Kanuni kuu ni moja: bloki haiwezi kuwa changa kuliko gari lake. Ikiwa ilisubiwa baada ya gari kuundwa, hiyo si injini asilia, hata ikiwa inafanana nayo kwa kila hali. Bloki yenye umri mkubwa kidogo kuliko gari haitoshi kuleta shaka. Kenya, ambako magari mengi yaliletwa kwa vipande na kuunganishwa humu nchini, pengo la miezi kadhaa kati ya kusubu na kusajiliwa si jambo la ajabu. Land Rover ziliunganishwa Thika katika kiwanda cha Leyland, ambacho sasa ni Kenya Vehicle Manufacturers, nazo Peugeot 504 ziliunganishwa Mombasa katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers.

Kwa Land Rover, uchunguzi huanzia kwenye chasisi. Nambari inayoanza kwa 243 ni ya Series IIA fupi ya petroli, yenye usukani kulia, iliyosafirishwa kwa vipande. 253 ni ndugu yake refu. Kisha itafutwe nambari ya injini ya petroli ya lita 2.25. Hugongwa kwenye sehemu ya mbele ya bloki, upande wa kushoto, karibu na bomba la kutolea moshi. Series IIA ziliundwa kati ya 1961 na 1971. Endapo gari la mwaka 1968 litapatikana na injini inayoanza kwa 361, mjadala umekwisha: hiyo ni injini yenye beringi kuu tano, ambayo haikuwapo hadi 1980.

Peugeot 504, gari ambalo kwa miaka mingi lilibeba abiria na mizigo kila pembe ya nchi, lina fumbo lake. Injini ya petroli ya XM7 ina ujazo wa sentimita mchemraba 1,796, ilhali XN1 ina 1,971. Mwendo wa pistoni ni milimita 81 kwa zote mbili. Tofauti ni upana wa silinda, milimita 84 kwa 88. Fundi aliyefungua kichwa cha injini aweza kupima. Hata hivyo, silinda za 504 ni slivu zinazochomolewa na kubadilishwa huku bloki ikibaki. Kipimo kitamwambia ukubwa wa injini, hakitamwambia ilitoka kwenye gari gani.

Volkswagen za mgongo wa kobe ni rahisi zaidi. Nambari hugongwa chini ya kishikio cha jenereta na huanza kwa herufi: D ni injini ya 1200, F ya 1300, H ya 1500, AD au AE ya 1600.

Walaghai hukwangua nambari ya kale na kugonga nyingine. Uso uliopitishwa tupa hung'ara au huwa na mikwaruzo isiyolingana na chuma cha jirani, na tarakimu huenda zikapinda au kutofautiana kimo. Nambari iliyoinuka ni ngumu zaidi kughushi. Lakini si kila nambari iliyopotea ni wizi. Katika Chevrolet, nambari hugongwa kwenye uso uleule unaopokea gaskiti ya kichwa, na fundi anayeusawazisha kwa mashine huweza kuifuta bila nia mbaya.

Wala kubadilisha injini si hatia. Wakulima wengi waliondoa injini za petroli zilizokunywa mafuta kupita kiasi na kutia za dizeli za Kijapani, na kwa gari la kazi huo ulikuwa uamuzi wa busara. Tatizo huzuka pale badiliko lisipofikishwa kwa msajili, jukumu lililo mikononi mwa NTSA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Mrithi hubaki na kitabu kinachotaja injini moja na gari lenye nyingine, na hapo kuuza au kuhamisha umiliki huwa kazi ya kuzungushwa kutoka afisi moja hadi nyingine.

Kwa magari ya Uingereza, British Motor Museum iliyoko Gaydon hutoa vyeti kutokana na kumbukumbu za viwanda vya zamani. Anayeomba cheti hulinganisha nambari iliyomo na ile iliyogongwa kwenye bloki, tarakimu kwa tarakimu. Picha ya bloki na ipigwe kabla ya injini kupelekwa kwa fundi wa mashine. Baada ya hapo huenda pasiwe na cha kupiga picha.