Tume ya Ndung'u

Tume ya Ndung'u ni jina la mkato la tume iliyoundwa na Rais Mwai Kibaki wa Kenya mwaka 2003, ikiongozwa na wakili Paul Ndung'u, ili kuchunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma. Ripoti yake, iliyokabidhiwa mwaka 2004, ilikadiria kuwa hati haramu zipatazo 200,000 zilitolewa kati ya 1962 na 2002, nyingi mno baada ya 1986. Kilicholiwa ni misitu, ikiwemo Karura na Ngong, viwanja vya shule, hifadhi za barabara, hata vyoo vya umma. Uwezo wa kugawa ardhi ya serikali kisheria ulikuwa wa Rais. Kamishna wa Ardhi aliutumia kana kwamba ni wake, na barua za ugawaji zikauzwa kabla hati hazijaandikwa. Anayeisoma ripoti kama kisa cha wanyakuzi wachache basi anaikosea: iliyofichuliwa humo ni afisi yenyewe.

Na udhaifu wa uchunguzi ulianzia hapo hapo. Tume iliweza kutaja, haikuweza kufuta. Mapendekezo yalirudi kwa wizara ile ile iliyochunguzwa, na baraza maalumu la kuamua kesi za hati hizo halikuundwa. Tume ya Kitaifa ya Ardhi, tunda la Katiba ya 2010, ilipewa miaka mitano tu ya kukagua ugawaji wa zamani. Muda ukaisha 2017, kazi ingali mbichi. Mwaka uliofuata mwenyekiti wake wa kwanza alishtakiwa kuhusu fidia ya ardhi ya reli ya SGR, mashtaka aliyoyakana.

Wapo wanaosema kufuta hati kunawaumiza wanunuzi wasio na hatia na kuzitikisa benki zilizokopesha kwa dhamana hizo. Hoja hii ina uzito, hasa kwa mnunuzi mdogo aliyefanya upekuzi katika masjala ya ardhi akajibiwa kwamba kiwanja ni safi. Lakini Kifungu cha 40(6) cha Katiba hakilindi mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Mwaka 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu kiwanja cha ufukweni Nyali alichogawiwa kwanza Rais Daniel arap Moi, Mahakama ya Juu iliamua kwamba hati peke yake haitoshi ikiwa ugawaji wa mwanzo ulikuwa haramu. Hasara ya mnunuzi mwema, kwa hiyo, ingefaa ibebwe na serikali iliyotoa hati mbovu, si na shule iliyoporwa uwanja.