Ukurasa Uliorudi Kwenye Asili Yake

Mwishoni mwa mwaka 1990, katika ofisi moja ya CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoko karibu na Geneva, Uswisi, palikuwa na kompyuta nyeusi aina ya NeXT iliyobandikwa kipande cha karatasi. Mwingereza Tim Berners-Lee alikuwa ameonya kwa wino mwekundu kwamba mashine hiyo ni seva, na mtu asiizime. Alikuwa na sababu. Wavuti yote ya dunia wakati huo ilikaa ndani ya mashine hiyo moja.

Ukurasa wa kwanza uliotoka humo ulikuwa na maneno na viungo tu. Haukuwa na picha, wala rangi za kupamba, wala safu. Mwaka 2013 CERN iliurudisha hewani kwenye anwani yake ya mwanzo, na bado upo. Ukiufungua kwenye kompyuta, shika ukingo wa dirisha la kivinjari ulisukume ndani taratibu. Mistari inajikunja yenyewe, maneno ya mwisho yanashuka chini, na hakuna herufi inayokatwa. Panua tena, nayo inanyooka.

Jambo hilo halikutokea kwa bahati. Wanasayansi wa CERN walitoka nchi nyingi na kila kundi lilikuja na mashine zake. Nyingine zilikuwa na skrini zisizoonyesha chochote zaidi ya herufi. Nicola Pellow, mwanafunzi wa hisabati kutoka Uingereza, aliandika kivinjari chepesi kilichoweza kufanya kazi hata kwenye mashine hizo duni. Kwa hiyo ukurasa haukuagiza sura yake. Ulisema tu kwamba hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hiki ni kiungo, kisha ukaiachia mashine ya msomaji iamue namna ya kuvionyesha. Ulikuwa kama leso: haikushonwa kwa kipimo cha mtu yeyote, na kwa sababu hiyo inamkaa kila anayejifunga.

Aprili 30, 1993, CERN ilitangaza kwamba teknolojia hiyo ni ya watu wote na haina malipo. Mwaka huohuo, katika Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani, Marc Andreessen na Eric Bina walitoa kivinjari cha Mosaic, kilichoweza kuweka picha katikati ya maandishi. Wavuti ikatoka maabara ikaingia sokoni. Magazeti yakaja, makampuni yakaja, na pamoja nao wakaja wabunifu waliofunzwa kazi ya uchapaji.

Watu hawa walikuwa mafundi hodari, lakini walizoea karatasi. Kwenye karatasi mbunifu ndiye anayeamua upana, urefu na nafasi ya kila picha, na mpaka gazeti linamfikia msomaji hakuna kinachosogea. Walipotaka safu tatu kama za gazeti, wakakuta lugha ya wavuti haina safu. Ilikuwa na majedwali, yaliyowekwa kwa ajili ya takwimu. Basi wakayachukua majedwali wakayafanya kiunzi cha ukurasa mzima: nembo kwenye chumba kimoja, orodha ya viungo kwenye kingine, habari kwenye cha tatu. Palipohitajika nafasi tupu, walitengeneza picha ya pikseli 1 isiyo na rangi, wakaivuta kwa upana walioutaka, wakaichomeka kati ya vitu viwili kama kabari. Kurasa za miaka hiyo zilijaa kabari hizo zisizoonekana.

Zilipendeza kwa macho, na gharama yake ilimwangukia asiyeona. Programu inayomsomea kipofu maandishi ya skrini ilipokutana na jedwali ndani ya jedwali, ilisoma chumba baada ya chumba kwa mpangilio uliompendeza fundi, na habari ikamfikia msikilizaji vipandevipande.

Dawa ilikuwa imeshapendekezwa. Oktoba 1994, Håkon Wium Lie, Mnorwe aliyekuwa CERN, alitoa wazo la kutenganisha maudhui na mapambo: maneno yakae kwenye faili moja, na maagizo ya rangi, herufi na nafasi yakae kwenye faili jingine. Mholanzi Bert Bos akaungana naye, na Desemba 1996 kanuni hizo, zinazojulikana kwa kifupi CSS, zikapitishwa rasmi. Lakini Netscape na Microsoft walikuwa vitani wakigombea watumiaji, na vivinjari vyao havikuzifuata kanuni kwa namna moja. Ukurasa uliokaa sawa kwenye kimoja ulivurugika kwenye kingine. Mwaka 1998 wabunifu waliochoka wakaanzisha kampeni ya kudai viwango vya pamoja. Mwaka 2003 Mkanada Dave Shea akamaliza ubishi kwa vitendo alipofungua CSS Zen Garden. Aliweka ukurasa mmoja wa maneno na kuwaalika wabunifu waubadilishe sura bila kugusa neno hata moja. Maneno yakabaki yaleyale, na sura zikaja za kila namna.

Majedwali yakaanza kuondoka, ila tabia ya karatasi ikabaki. Aprili 2000 John Allsopp wa Australia alikuwa amewaandikia wenzake makala ya kuwasihi waache kuutawala ukurasa na wakubali kwamba kunyumbuka ndiyo nguvu yake. Wengi waliisoma, wakaipenda, kisha wakaendelea kuchora kurasa zenye upana usiobadilika. Skrini zilipokua, walisogeza kipimo, kikafika pikseli 960, nacho kikawa kama sheria. Leso ilikuwa imegeuzwa suti.

Kilichoichana suti hiyo ni simu, na hapa historia hii inaingia nyumbani kwetu. Afrika Mashariki wengi hawakuingia mtandaoni kwa kompyuta ya mezani. Kabla ya mkongo wa SEACOM kufika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, mawasiliano yetu na ulimwengu yalitegemea satelaiti, polepole na kwa bei kubwa. Watu wakajipatia njia kwenye simu ndogo za vitufe. Opera Mini, kivinjari kutoka Norway kilichotolewa kwa dunia nzima mwaka 2006, kilipitisha kila ukurasa kwenye seva zake, kikaukamua uzito, kisha kikaleta kilichobaki kwenye simu. Mtu wa Kariakoo au Gikomba aliweza kusoma habari kwenye kioo cha upana wa vidole viwili, kwa salio dogo, ilhali aliyeuchora ukurasa huo hakuwahi kumfikiria.

Juni 2007 iPhone ikaingia sokoni Marekani ikiwa na skrini ya pikseli 320 kwa upana. Iliuchukua ukurasa mpana na kuusinyaza wote mpaka herufi zikawa kama sisimizi. Makampuni mengi yakajibu kwa kujenga tovuti ya pili ya simu, mara nyingi ikiwa na habari pungufu. Lakini kila mwezi ilitoka simu ya kipimo kingine, na hakuna fundi anayeweza kumshonea kila mteja suti kabla hajamwona.

Mei 25, 2010, Ethan Marcotte, mbunifu wa Marekani, alichapisha makala iliyoonyesha njia, akichukua mfano kwa wasanifu majengo wanaobuni kuta na vyumba vinavyobadilika kufuatana na watu waliomo. Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Safu yenye pikseli 240 ndani ya ukurasa wa pikseli 960 ni robo yake, basi usiandike 240, andika asilimia 25. Picha nayo iagizwe isizidi upana wa chombo chake. Kisha ukurasa uulize upana wa skrini, na ikiwa ni nyembamba, safu tatu zishuke ziwe moja. Septemba 2011 gazeti la The Boston Globe likafungua tovuti iliyojengwa hivyo, na waliodhani ni nadharia tupu wakaona gazeti zima likijikunja mbele ya macho yao.

Mengine yalifuata kwa kasi. Aprili 2015 Google ilianza kuzipendelea kurasa zinazosomeka vizuri kwenye simu zinapotafutwa kwa simu. Oktoba 2016, kwa hesabu za StatCounter, matumizi ya wavuti kwa simu na tableti yalizipita kompyuta kwa mara ya kwanza duniani. Machi 2017 vivinjari vikubwa vikaanza kupokea safu na mistari ya CSS yenyewe, kile ambacho mafundi wa majedwali walikikosa. Kufikia 2023, kila kipande cha ukurasa kiliweza kuuliza upana wa mahali kilipowekwa na kujipanga chenyewe.

Ninachokithamini zaidi katika miaka hii ni kwamba ukurasa umeanza kumsikiliza mtu, baada ya muda mrefu wa kuisikiliza skrini peke yake. Anayeumwa macho na mwanga huchagua giza kwenye simu yake, na ukurasa uliojengwa vizuri unavaa giza. Anayepata kizunguzungu kwa vitu vinavyorukaruka huzima miondoko, na ukurasa unatulia.

Bado kuna kipimo kimoja ambacho kurasa nyingi hazijakikubali, nacho ni bando. Ukurasa wa kawaida siku hizi unapita megabaiti 2, umejaa picha, video na programu za kufuatilia msomaji. Unaienea skrini ya simu vizuri kabisa, ila hauenei mfuko wa mwenye simu. Kwa anayenunua bando la siku, ukurasa mzito ni mlango uliofungwa, sawasawa na ukurasa uliokatwa herufi pembeni. Ukurasa ule wa kwanza wa CERN una kilobaiti chache tu, na mashine duni kuliko zote kituoni iliweza kuusoma. Nusu ya asili yake tumeshairudia. Nusu iliyobaki ni uzito, na anayeidai kwa sauti kubwa zaidi ni msomaji aliyesimama kituo cha daladala, akisubiri ukurasa ufunguke kabla salio halijakata.