Shaha: Cheo kilichobaki bila taji

Shaha ni neno lenye asili ya Kiajemi, maana yake mfalme. Dario wa Kwanza, aliyetawala Uajemi kuanzia mwaka 522 hadi 486 kabla ya Kristo, alijiita mfalme wa wafalme. Shaha wa mwisho, Mohammad Reza Pahlavi, aliihama Iran Januari 1979, na ufalme ukaanguka mwezi uliofuata.

Katika Kiswahili, hata hivyo, neno halikufa. Shaha ni mfalme katika mchezo wa sataranji, na pia kiongozi wa malenga. Kwa hiyo hata Mbooni, Ukambani, ambako zamani wazee wa nzama waliamua mambo ya jamii pasipo mfalme, shaha anaweza kupatikana: hatawali watu, bali ni bingwa wa ushairi.